Mila kwa Amri ya Serikali: Maisha ya Wajapani kabla ya Vita

Katika mijadala yetu ya maendeleo, hasa wanapokutana wanafunzi na watumishi wa umma, Japani hutajwa kama ushahidi usiohitaji kuthibitishwa. Husemwa kwamba Wajapani walijenga reli, viwanda na jeshi bila kuacha mila zao, ilhali sisi tumeacha mila na viwanda hatukujenga. Sentensi hiyo ni tamu masikioni na hupigiwa makofi kila inapotamkwa. Kasoro yake ni kwamba neno "mila" limebebeshwa mzigo mzito bila kukaguliwa. Ni mila zipi hizo ambazo Wajapani hawakuziacha? Zilikuwa za nani? Na ni nani aliyeamua kwamba zile ndizo zibaki, na nyingine zifutwe?

Nimeyasoma maisha ya Japani kati ya mageuzi ya mwaka 1868 na vita vya Pasifiki vilivyoanza mwaka 1941, na kadiri ninavyoendelea kusoma ndivyo imani yangu katika sentensi ile inavyopungua. Ninachokiona ni serikali iliyoingia katika maisha ya kila siku ikiwa na mkasi mkononi. Mengine iliyakata, mengine iliyapandikiza kutoka tabaka moja hadi taifa zima, kisha ikayaita yote mila ya kale. Wapo Wajapani walioliona jambo hilo likitendeka na wakalisema waziwazi, na baadhi yao waliadhibiwa.

Tuanze na mwili wa binadamu, maana serikali nayo ilianzia hapo. Kabla ya 1868 mwanamume wa Kijapani alinyoa utosi na kufunga nywele zilizobaki kisogoni. Mwanamke aliyeolewa alipaka meno rangi nyeusi na kunyoa nyusi. Mafundi seremala, wabeba mizigo na wazima moto wa mjini walijichora chale za rangi mgongo mzima. Katika mabafu ya umma, wanaume na wanawake wengi walioga pamoja na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1871 serikali mpya iliruhusu wanaume wakate nywele kwa mtindo wa Ulaya, na mwaka 1873 Kaisari mwenyewe alikata zake. Mwaka huohuo mkewe alijitokeza akiwa na meno meupe. Kanuni za makosa madogo zilizotangazwa Tokyo mwaka 1872 zilipiga marufuku chale, kutembea nusu uchi barabarani na kuoga pamoja. Marufuku ya kuoga pamoja ilibidi irudiwe mara kadhaa, jambo linalotosha kutuonyesha jinsi ilivyotiiwa.

Msomaji azingatie kwamba kanuni hizohizo ziliwakataza wanawake kukata nywele zao fupi bila sababu maalumu. Wanaume walipokata nywele iliitwa ustaarabu. Wanawake wachache wa mjini walipowafuata, wakaambiwa wanavunja mila. Katika nchi ileile, mwaka uleule, kitendo kimoja kilihesabiwa kuwa maendeleo kwa mmoja na uasi kwa mwingine.

Hata wakati ulibadilishwa kwa amri. Chini ya mwezi mmoja kabla ya utekelezaji, serikali ilitangaza kwamba siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili itakuwa tarehe 1 Januari 1873. Vitabu vya shule husema hatua hiyo ilikusudia kuilinganisha Japani na mataifa ya Magharibi. Ni kweli, lakini kulikuwa na hesabu nyingine. Kalenda ya zamani, iliyofuata mwezi mwandamo, ingeupa mwaka uliofuata miezi kumi na mitatu, na watumishi wa serikali walikuwa wameanza kulipwa kwa mwezi. Kwa kalamu moja hazina iliokoa mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, na pia wa mwezi wa kumi na mbili uliobakiwa na siku mbili tu. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataielewa habari hiyo bila ufafanuzi. Wakulima kwa upande wao waliendelea kupanda na kuvuna kwa hesabu ya zamani. Sikukuu ya Bon, ambapo mizimu ya wazazi hurudi nyumbani na kupokewa kwa taa, sehemu nyingi za nchi ziliisogeza mbele mwezi mmoja ili isigongane na kazi za shamba. Hadi leo huadhimishwa Julai katika maeneo mengi ya Tokyo, na Agosti kwingineko.

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Picha tuliyonayo wengi wetu ni ya chumba kitupu kilichotandikwa mikeka minene ya tatami, milango ya karatasi, ua moja katika chombo na watu waliopiga magoti mbele ya vikombe vya chai. Nyumba za namna hiyo zilikuwepo, nazo zilikuwa za samurai, matajiri wa mjini na viongozi wa vijiji. Samurai pamoja na familia zao hawakufika sehemu moja kwa kumi ya watu wote. Mkulima wa kaskazini mashariki aliishi katika nyumba ya ezeki la nyasi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa sakafu ya udongo uliopigwa ukakaza. Humo palifanyika upishi, usukaji wa kamba na utengenezaji wa viatu vya majani ya mpunga, na mara nyingi farasi alilala chini ya paa hilohilo. Sehemu iliyoinuliwa ilikuwa ya mbao na mikeka miepesi, na katikati yake palikuwa na shimo la moto lisilozimika majira yote ya baridi. Kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuketi kandokando ya moto huo: baba upande unaoelekea mlango, mama upande wa vyombo, mgeni upande wake. Moshi ulipanda darini, ukalikausha ezeki na kuwaua wadudu.

Chakula nacho si kile tunachodhani. Wali mweupe mtupu ulikuwa wa sikukuu, wa wagonjwa na wa watu wa mjini. Kijijini mchele ulichanganywa na shayiri, nafaka ndogondogo za jamii ya uwele, figili au viazi vitamu, kwa kuwa kabla ya 1873 mchele wenyewe ndio uliokuwa kodi. Jeshi jipya liliwaahidi vijana wa vijijini wali mweupe kila siku, na ahadi hiyo iliwavutia wengi. Wakati wa vita dhidi ya Urusi vya 1904 na 1905, zaidi ya askari 20,000 walikufa kwa beriberi, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini iliyomo katika pumba za nafaka. Jeshi la majini lilikuwa limeuzuia ugonjwa huo miaka ishirini kabla kwa kuchanganya shayiri katika chakula cha mabaharia. Makamanda wa nchi kavu hawakutaka kusikia habari za chakula cha kimaskini.

Lakini ndani ya nyumba hakuna kilichobadilishwa kwa amri kwa kina kama familia yenyewe. Kabla ya mageuzi, raia wengi wa kawaida hawakuruhusiwa kutumia rasmi jina la ukoo. Waliruhusiwa mwaka 1870, na mwaka 1875 wakalazimishwa. Mwaka 1876 serikali ikaelekeza kwamba mwanamke aliyeolewa aendelee kutumia jina la ukoo alikozaliwa. Sheria ya kiraia ya mwaka 1898 ndiyo iliyoamuru familia nzima itumie jina moja. Leo wanasiasa wa Japani wanaopinga mume na mke kuwa na majina tofauti husema wanailinda mila ya kale ya taifa. Mila hiyo ina tarehe ya kuzaliwa, nayo ni sahihi ya waandishi wa sheria.

Sheria hiyohiyo ilichukua desturi ya urithi ya samurai na kuifanya ya kila mtu. Mkuu wa kaya, kwa kawaida kifungua mimba wa kiume, alirithi mali yote na mamlaka juu ya wote. Ridhaa yake ilihitajika ili watu wa kaya yake waoe au waolewe, na mke hakuweza kukopa, kuuza mali ya thamani wala kushtaki mahakamani bila idhini ya mumewe. Ilhali vijijini kulikuwa na desturi nyingi tofauti. Sehemu za kusini magharibi kitinda mimba ndiye aliyebaki na wazazi na kurithi. Sehemu za kaskazini mashariki mtoto wa kwanza alirithi hata akiwa binti, na mumewe akaingia katika nyumba hiyo. Talaka ilikuwa jambo la kawaida na mwanamke aliyeachika aliolewa tena bila aibu kubwa, kiasi kwamba viwango vya talaka vya miaka ya 1880 viliwashangaza wageni wa Ulaya. Baada ya 1898 viliporomoka. Wapo waliosifu kuporomoka huko kama ushindi wa maadili. Mimi naona pia milango iliyofungwa.

Hata ndoa ya kufungwa mbele ya makuhani wa Kishinto, ambayo kwa watalii ni kilele cha ukale wa Kijapani, ilipata umbo lake baada ya harusi ya mwana wa mfalme mwaka 1900. Kabla ya hapo harusi ilifanyika nyumbani kwa kubadilishana vikombe vya pombe ya mchele, bila kuhani yeyote.

Aliyelipia mageuzi hayo, kwa maana ya fedha taslimu, alikuwa mkulima, na zaidi binti yake. Kuanzia 1873 kodi ya ardhi ililipwa kwa pesa: asilimia 3 ya thamani ya ardhi, iwe mavuno ni mema au mabaya, hadi ghasia zilipoilazimisha serikali kuishusha kuwa asilimia 2.5 mwaka 1877. Pesa hizo zilitoka wapi? Katika wilaya nyingi za milimani zilitoka kwa viwavi wa hariri. Familia ilihama vyumba vyake ili viwavi wapate nafasi na joto, watu wakalala pembeni. Viwavi waliitwa kwa jina la heshima kama wakwe, na usiku walipokula majani ya mforosadi nyumba nzima ilisikia sauti kama ya mvua juu ya majani.

Kiwanda cha mfano cha kuzungusha nyuzi za hariri kilifunguliwa Tomioka mwaka 1872, kikiwa na wataalamu wa Kifaransa. Wasichana hawakupatikana kwa urahisi, kwa sababu uvumi ulienea kwamba wageni wale hunywa damu. Walikuwa wakinywa mvinyo mwekundu. Msomaji aliyekulia pwani yetu anazijua habari za mumiani, na atatambua kwamba uvumi wa namna hiyo huzuka pale nguvu ngeni inapohitaji miili ya watu. Katika miongo iliyofuata mabinti wa milima ya Hida walivuka njia ya Nomugi kwenye theluji, kwa miguu, kwenda viwanda vya Okaya, na walirudi mwishoni mwa mwaka na ujira ambao baba alikwisha kuukopa. Hariri waliyoizungusha ilivaliwa Marekani. Wao walivaa pamba.

Pamba hiyo inatuhusu sisi pia. Vitambaa vya viwanda vya Japani, vingi vikisafirishwa kupitia Osaka na Kobe, viliingia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa bei ambayo Manchester haikuiweza, na kufikia miaka ya 1930 vilikuwa vimeisukuma nje marikani iliyowavika babu zetu. Wanawake waliovifuma walifanya kazi za zamu za usiku hadi sheria ilipozikataza mwaka 1929. Bibi aliyejifunga kitambaa hicho Tanga na binti aliyekifuma Osaka hawakujuana, na kila mmoja kwao aliambiwa na wakubwa wake kwamba huo ndio ustaarabu.

Nimeacha makusudi mfano ambao kwangu una uzito kuliko yote. Mwaka 1906 Wizara ya Mambo ya Ndani ilianzisha mpango wa kuunganisha maziara ya Kishinto, lengo likiwa ziara moja kwa kila kijiji cha kiutawala. Fikiria vijiji kadhaa vya kale vilivyounganishwa kuwa kimoja katika makaratasi, kila kimoja kikiwa na ziara yake ndogo, mizimu yake, ngoma yake ya mavuno, na kichaka cha miti mikubwa ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Anayezijua kaya za Wamijikenda ana picha ya kutosha. Maafisa waliona utitiri wa vibanda visivyo na heshima, visivyofaa kuwa mahali pa kumtukuza Kaisari. Ziara isiyoweza kuonyesha mtaji wa kutosha ilifutwa, mungu wake akahamishiwa kwenye ziara kuu, na miti ikauzwa. Mwaka 1906 kulikuwa na maziara takriban 190,000 nchini. Miaka kumi hivi baadaye yalikuwa takriban 120,000. Mkoa wa Mie, wenye ziara kuu ya Ise inayoheshimiwa kuliko zote, ulipoteza karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziara yake. Serikali iliyojinadi kuwa mlinzi wa dini ya kale ndiyo iliyoivunja dini hiyo pale ilipokuwa ikiishi.

Aliyesimama kupinga alikuwa Minakata Kumagusu, mtu wa Wakayama, asiye na shahada yoyote, aliyeishi London miaka minane akisoma katika Makumbusho ya Uingereza. Alirudi nyumbani mwaka 1900 na baadaye akahamia mji mdogo wa Tanabe, ambako alichunguza viumbe vidogo vinavyofanana na kuvu, vinavyoota kwenye magogo yanayooza. Vichaka vya maziara vilikuwa maabara yake. Hata hivyo hoja zake hazikuishia kwenye utafiti. Aliandika kwamba miti ikiondoka ndege wataondoka, na ndege wakiondoka wadudu watakula mazao. Miti ya ufukweni ikikatwa, samaki hawatakuwa na kivuli cha kukusanyikia. Mzee aliyetembea hatua mia kwenda kusali hatatembea saa mbili, hivyo ataacha kusali. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Japani kutumia neno ekolojia, na alilitumia katika barua kwa gavana. Agosti 1910 aliingia kwa fujo, akiwa amelewa, katika mkutano uliohudhuriwa na afisa aliyehusika na mpango huo. Aliwekwa mahabusu zaidi ya wiki mbili.

Msaada ulitoka mahali asipopategemea, yaani ndani ya serikali yenyewe. Yanagita Kunio alikuwa mwanasheria aliyeingia Wizara ya Kilimo na Biashara mwaka 1900. Safari za kikazi zilimpeleka vijijini, naye akawa msikilizaji. Mwaka 1910 alichapisha masimulizi ya wilaya ya Tōno aliyosimuliwa na kijana wa huko, kitabu kilichoweka msingi wa taaluma ya mila na desturi nchini mwake. Mwaka 1911 alizichapa barua za Minakata na kuzisambaza kwa watu wenye vyeo. Mtumishi wa umma alitumia nafasi yake kufikisha hoja ya mtu aliyetoka mahabusu. Nalisema hili kwa wanafunzi wangu wanaodhani kwamba ofisini hakuna kinachowezekana. Mpango wa kuunganisha maziara ulififia na kufikia mwaka 1920 ulikuwa umekoma, lakini maziara 70,000 hivi yalikuwa yamekwisha kufutwa. Mwaka 1929 Kaisari Hirohito, ambaye alikuwa mwanabiolojia, alizuru kisiwa kidogo cha Kashima katika ghuba ya Tanabe, ambacho Minakata alikuwa amekipigania, akapokea kutoka kwake vielelezo 110 vya viumbe vile, vimewekwa katika visanduku vya peremende.

Katika sanaa mgogoro ulikuwa uleule. Serikali ilifungua shule ya sanaa Tokyo mwaka 1889 na kuainisha hazina za mahekalu. Yanagi Sōetsu alitazama kwingine. Yeye na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō walibuni, katikati ya miaka ya 1920, neno mingei, yaani sanaa ya watu. Walimaanisha bakuli la kulia, mtungi wa chumvi, kitambaa cha kazi, vilivyotengenezwa kwa wingi na mafundi wasioandika majina yao. Makumbusho yao yalifunguliwa Tokyo mwaka 1936. Lililomsukuma Yanagi kwanza lilikuwa ufinyanzi wa Korea, nchi ambayo Japani iliitwaa mwaka 1910. Baada ya Wakorea kuandamana kudai uhuru mwaka 1919, aliandika gazetini kuwatetea, na mwaka 1922 alipinga mpango wa kubomoa lango la Gwanghwamun mjini Seoul. Lango lilihamishwa badala ya kubomolewa. Wapo Wakorea waliomlaumu baadaye kwa kuiona sanaa yao kuwa ya huzuni tu, kana kwamba ni watu wa kulia peke yake. Lawama hiyo ina haki, na bado kalamu yake iliandika pale ambapo nyingi zilinyamaza.

Okinawa ndiko alikogongana na serikali uso kwa uso. Visiwa hivyo vilikuwa ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipoufuta mwaka 1879. Shuleni, mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na alikivaa hadi amnase mwenzake aliyefanya kosa lilelile. Wasomaji wangu wa Kenya hawahitaji kusimuliwa kibao hicho. Januari 1940, Yanagi na wenzake walipokuwa ziarani huko, waliilaumu hadharani kampeni ya serikali ya mkoa ya kuisukuma nje lugha ya visiwa. Maafisa walijibu kwamba wageni wa Tokyo wanapenda kuona watu wa makumbusho, ilhali kijana wa Okinawa asiyejua Kijapani fasaha hudharauliwa kazini na jeshini. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi, na baadhi ya Waokinawa waliliunga mkono. Lakini Aprili 1945, vita vilipofika visiwani, jeshi la Japani liliagiza kwamba atakayesema Kiokinawa achukuliwe kuwa jasusi.

Mji wa Shuri uliteketea pamoja na kasri lake na karakana za bingata, kitambaa cha rangi kali kinachopakwa rangi baada ya kupitisha gundi katika karatasi zilizotobolewa michoro. Shiroma Eiki, mrithi wa ukoo wa mafundi wa kazi hiyo, alirudi akakuta majivu. Karatasi za kutobolea hazikuwepo, akachukua ramani za kijeshi zilizotupwa na Wamarekani na kuchonga michoro juu yake. Sahani za santuri zilizovunjika zikawa miko yake ya kupakia gundi, na maganda ya risasi akayafanya midomo ya mifuko ya kuichoreshea.